Mwanajeshi, muulize msajili wa chuo kabla hujafanya CLEP

Kwa mwanajeshi wa Marekani, ada ya mtihani wa CLEP au DSST, unaompa anayefaulu krediti za chuo (pointi zinazojumlishwa kufikia shahada) bila kusoma kozi yenyewe, hulipwa na jeshi mara ya kwanza anapoufanya. Akianguka, mara ya pili ya somo lilelile analipa mwenyewe, karibu dola 100. Hata hivyo, makosa mengi yanayofika mezani petu, sisi tunaowasaidia wanajeshi kupanga mitihani hii, si ya walioanguka. Ni ya waliofaulu mtihani ambao chuo chao hakikuuhitaji.

CLEP huendeshwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani, na ilianza mwaka 1967. Ina masomo 34, yote ya kiwango cha mwaka wa kwanza na wa pili. DSST asili yake ni jeshini kwenyewe, chini ya DANTES, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayoshughulikia masomo ya hiari ya wanajeshi. Siku hizi inamilikiwa na kampuni ya mitihani ya Prometric, ina masomo zaidi ya 30, na baadhi yake hupendekezewa krediti za ngazi ya juu, zile za mwaka wa tatu na wa nne ambazo CLEP haina. Anayelipa ada zote mbili ni DANTES, na wanaolipiwa ni walio kazini, wa akiba, National Guard na Coast Guard. Mke au mume wa askari wa Army au Navy aliye kazini kwa kawaida hayumo. Huyo tunampeleka Modern States, shirika lisilo la faida lenye kozi za bure mtandaoni na vocha ya kulipia CLEP kwa anayemaliza kozi.

Faida yake ni ya hesabu nyepesi. Msaada wa karo jeshini, TA, una kikomo cha dola 250 kwa krediti moja, kwa hiyo kozi ya krediti 3 inakula hadi dola 750 za fungu lako la mwaka. Mtihani haugusi fungu hilo hata senti. Tena ukipata chini ya C kwenye kozi ya shahada ya kwanza iliyolipiwa na TA, unadaiwa fedha zirudi. Ukianguka CLEP hudaiwi kitu. Kinachopotea ni ile nafasi moja ya bure.

Sasa kwenye penyewe. Alama za CLEP huanzia 20 hadi 80, na ACE, baraza la elimu ya juu la Marekani, hupendekeza krediti kuanzia 50 kwa masomo karibu yote. Hiyo 50 si asilimia 50. Ni namba ya mizani yao baada ya kugeuza idadi ya maswali uliyopata. Na neno la kushika hapo ni "hupendekeza". Mwenye kuamua ni chuo. Vyuo zaidi ya 2,900 vinapokea CLEP, ila kimoja kinakubali 50, kingine kinataka zaidi, kingine kinakupa krediti za "hiari" ambazo hazizibi kozi yoyote ya lazima kwenye shahada yako. DSST inapokelewa na vyuo vichache zaidi.

Kwa hiyo andika barua pepe kwa msajili, si kwa ajenti wa kuandikisha wanafunzi, na utake jibu kwa maandishi. Muulize: mtihani huu, kwa jina lake kamili, unaziba kozi gani yenye namba gani kwenye shahada yangu? Alama ya chini ni ngapi? Mwisho wa krediti za mitihani mnazokubali ni ngapi, na ngapi lazima nizisome kwenu? Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na vyuo vingi hutaka robo yake, yaani 30, zisomwe hapohapo. Vilivyozoea wanajeshi na watu wazima, kama Thomas Edison State University, Excelsior University na Charter Oak State College, vina mlango mpana zaidi, lakini navyo viulize.

Kuna mitego mitatu inayojirudia sana. Wa kwanza ni Natural Sciences: inapendekezewa krediti 6, inavutia, lakini haina maabara. Shahada inayodai sayansi yenye maabara haitaikubali mahali hapo. Wa pili ni College Composition. Ipo yenye insha mbili zinazosahihishwa na wahadhiri, na ipo Modular, ambayo ni maswali ya kuchagua tu. Vyuo vingi vinataka ile ya insha, au vinaongeza insha yao wenyewe juu ya Modular. Wa tatu ni kurudia kitu ulicho nacho tayari. Hati yako ya JST, Joint Services Transcript, huenda tayari imekupa krediti za afya, uongozi au usimamizi kutokana na mafunzo ya jeshi. Ukifanya mtihani wa kitu kilekile, chuo hakihesabu mara mbili. Wa Air Force hawana JST. Rekodi zao ziko CCAF, chuo cha jamii cha Air Force.

Swali tunaloulizwa kila wiki: je, Kiswahili kipo? CLEP ina lugha tatu tu, yaani Kihispania, Kifaransa na Kijerumani. Kiswahili chako kipitishe mlango mwingine: mtihani wa lugha wa jeshi, DLPT, au usaili wa kuzungumza, OPI, wa ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, ambao upo kwa Kiswahili na una mapendekezo ya krediti ya ACE. Lakini aliyesomea Bukavu, Bujumbura au Kigali enzi za Kifaransa ana mali mkononi. CLEP ya Kifaransa hupendekezewa krediti 6 ukipata 50, na 9 ukifika 59. Ina sehemu mbili za kusikiliza na moja ya kusoma, hakuna kuandika insha. Tahadhari moja: vyuo vingine havitoi krediti za lugha kwa mtu aliyekulia ndani ya lugha hiyo. Hilo nalo liwe kwenye barua pepe.

Tuchukue mpango mmoja wa shahada ya biashara: College Composition krediti 6, College Algebra 3, Introductory Sociology 3, American Government 3, Natural Sciences 6, Kifaransa 9. Jumla 30, mwaka mzima wa chuo. Kwa kiwango cha TA, hizo ni dola 7,500 ambazo hazikuguswa, zikabaki kulipia kozi za juu. Sajenti anayeongoza watu kila siku anaweza kuongeza Principles of Supervision ya DSST; nusu ya msamiati wake anautumia kazini tayari.

Kujisajili CLEP si kazi ngumu. Fungua akaunti ya College Board, chagua mtihani, jibu maswali ya kustahiki DANTES kwa ukweli, na ada itashuka hadi sifuri. Hapohapo chagua chuo kitakachopelekewa alama. Nakala hiyo haina malipo. Ukiiomba baadaye utailipia. Kisha chapisha tiketi, ambayo hudumu miezi 6, na uweke nafasi kwenye kituo chenyewe. Hapa ndipo watu huchanganya: tiketi si nafasi. Kituo kina kalenda yake, na kilicho nje ya kambi kinaweza kuwa na ada yake ya kiti, basi uliza kabla. Ukifanyia nyumbani kwa msimamizi wa mtandaoni, usitegemee kitambulisho cha jeshi, kwa kuwa sheria inakataza kukipiga picha. Tafuta leseni ya udereva au pasipoti.

Maandalizi yaanze na mtihani wa majaribio, si na kitabu. Ukipata kwenye majaribio alama zinazovuka kiwango cha chuo kwa nafasi nzuri mara mbili mfululizo, nenda. Ukiwa unagusa mpaka tu, rudi ukasome kwanza. Chukua mada zilizoandikwa kwenye mwongozo rasmi pamoja na asilimia zake, anza na yenye asilimia kubwa unayoikosa. Watu hutumia wiki mbili kwenye sura inayobeba maswali machache kwa sababu tu ni sura ya kwanza.

Siku yenyewe, mingi ni dakika 90. Sociology ina maswali kama 100, yaani sekunde 54 kwa kila moja, na Natural Sciences 120, yaani sekunde 45. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, hivyo kuacha swali wazi ni kujinyima. Weka alama kwenye swali gumu, kisia, songa, rudi dakika zikibaki. Kwenye College Algebra kikokotoo kiko ndani ya skrini, chako hakiingii. Tunachokiona kwa waliozoea kikokotoo cha mkononi ni kuhangaika na vitufe vya sehemu na vipeo huku saa inakwenda. Jizoeshe nacho wiki moja kabla. Kiingereza cha maswali nacho kina mtego wake: maneno NOT na EXCEPT huandikwa kwa herufi kubwa, na bado msomaji wa haraka huyapita.

Alama huonekana papo hapo, isipokuwa College Composition, ambayo insha zake husubiri wiki mbili hadi tatu. Ukianguka CLEP unangoja miezi 3 kwa somo hilohilo. Ukijaribu kabla, alama inafutwa na ada inakwenda. DSST ni siku 30. Baada ya kufaulu, usidhani JST itapeleka alama za CLEP chuoni. Chuo hutaka zitoke College Board moja kwa moja, na za DSST zitoke Prometric. Wiki chache baadaye ingia kwenye akaunti yako ya chuo uone kama krediti zimeingia kwenye kozi ile uliyoahidiwa. Zikiwa zimewekwa kwenye "hiari", ile barua pepe ya msajili ndiyo silaha yako.

Aliyekwisha vua gwanda halipiwi na DANTES, lakini GI Bill, mpango wa serikali wa kulipia masomo ya waliotumikia jeshi, inaweza kumrudishia ada, huku ikikata kiasi kidogo kwenye haki yake ya masomo.

Kwetu, kazi tunayoifanya ni kuweka JST yako na orodha ya kozi za shahada sambamba, kutia alama palipo na pengo ambalo mtihani unaweza kuliziba, na kukuandalia maswali ya kumpelekea msajili. Maswali "yaliyovuja" hatuuzi. Anayekamatwa nayo alama zake hufutwa, na mwanajeshi ana mengi ya kujibu kuliko raia. Ukija, njoo na JST ya karibuni, katalogi ya chuo ya mwaka uliojiandikisha, na tarehe ya kupelekwa nje ya nchi kama unaijua, maana hiyo ndiyo itakayotuambia mitihani mingapi inaingia kabla hujaondoka.