Dadu mbili si dadu moja kubwa

Kwako swahiba,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia umeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na kwamba umeshafika kwenye zoezi la dadu. Umesema programu yako ya kurusha dadu mbili na kujumlisha imekubali mara ya kwanza, bila kosa lolote kwenye skrini. Nimeisoma mara mbili. Kukubali imekubali, ila majibu yake si ya dadu mbili. Kosa hilo nilitambua haraka kwa kuwa nami nililifanya, na lilinichukua siku tatu kulibaini.

Umeandika randint(2, 12), amri inayochagua kwa bahati namba nzima kuanzia 2 hadi 12. Naelewa ulivyofikiri: jumla ndogo kabisa ni 2, kubwa kabisa ni 12, basi kompyuta ichague yoyote hapo katikati. Lakini hapo umezipa jumla zote 11 nafasi sawa, na dadu hazigawi hivyo. Chukua dadu nyekundu na dadu nyeupe. Ili upate 2, lazima zote zionyeshe 1. Njia ni hiyo moja tu. Sasa tafuta 7: nyekundu 1 na nyeupe 6, au 2 na 5, 3 na 4, 4 na 3, 5 na 2, 6 na 1. Njia sita kati ya 36 (6 mara 6)! Mimi nilikwama kwenye 3 na 4, nikidhani ni kitu kilekile na 4 na 3. Nilipozipa dadu rangi ndipo nikaelewa.

Kwa hiyo andika randint(1, 6) mara mbili, kisha jumlisha. Amri zote mbili ziwe ndani ya kitanzi, yaani sehemu ya programu inayojirudia, la sivyo utarusha mara moja na kurudia jibu lilelile hadi mwisho. Na ukija kukutana na randrange(1, 6), ujue hiyo haitoi 6 kamwe, inaishia 5.

Usikubali kwa maneno yangu tu. Rusha mara 36,000, uhesabu kila jumla imetokea mara ngapi, kisha kwa kila 100 uchapishe nyota moja. Programu yako ya sasa itaipa kila jumla karibu 3,270, mistari yote ikilingana kama uzio. Ukishairekebisha, 7 itakaribia 6,000, huku 2 na 12 zikibaki karibu na 1,000 kila moja. Hazitatimia kamili, na kila ukirudia zitabadilika kidogo. Lakini utaona kilima kimejichora chenyewe kwa nyota. Usiku nilipokiona changu, nilikaa nikikitazama tu.

Mwaka 1654 wanahisabati wa Ufaransa Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya michezo ya bahati, na swali moja la wakati ule linakufaa sana sasa. Kupata 6 walau mara moja katika mirusho minne ya dadu moja, na kupata 6 mbili kwa pamoja walau mara moja katika mirusho 24 ya dadu mbili: lipi lina nafasi kubwa zaidi? Kwa macho yanafanana. Usipige hesabu kwanza, andika programu, urudie kila jaribio mara 100,000, kisha unitumie namba ulizopata. Nami nitakutumia zangu, tuzilinganishe.

Nasubiri kwa hamu.

Ni mimi swahiba wako.