Injini iliyozikwa chini ya kitanda

Bremen, Jumatano usiku

Ndugu yangu mpendwa Salim,

Assalaam alaykum warahmatullah. Poleni kwa msiba wa Mzee Kombo. Habari nilizipata kwa Baba Twaha, nami nitakuja Hamburg kuhani mwenyewe. Sisi hatujambo, na Nasra anakusalimu. Kimya changu cha tangu Idi hakina udhuru, ila leo nimeshika kalamu kwa jambo lisiloweza kungoja.

Ni lile gari-nyumba letu, Volkswagen T3 ya mwaka 1987. Juzi asubuhi, nilipokwisha kujaza petroli, Mama Nasra alifungua mlango wa nyuma ili aweke mablanketi, akaniuliza kwa nini godoro linanuka. Nikalitoa godoro nikitarajia kukuta kifuniko cha injini, maana wajua kwamba injini ya gari hili iko nyuma, na njia pekee ya kuifikia kwa juu ni lile bati lililo kwenye sakafu ya buti. Bati sikuliona. Nilikuta plaiwudi nene iliyogandishwa kwa gundi na kukazwa kwa skrubu, na nusu yake imekaliwa na kabati la nguo lililosimama hadi darini. Aliyeniuzia alijenga chumba kizuri sana, akaizika injini ndani yake.

Nilijiuliza aliwezaje kukaa nalo hivyo miaka yote, na nadhani jibu nimelipata. Kijiti cha kupimia oili na tundu la kujazia viko nyuma ya kibao cha namba, na oili yenyewe humwagwa kwa chini. Kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha oili kila mwaka bila kukosa, akaamini kwamba injini anaitunza, ilhali mipira ya kupitishia petroli iliyo juu yake haijaonwa na jicho la mtu. Nililala chini ya gari na tochi, nikafaulu kugusa mmoja tu, ule unaopanda kuelekea kwenye injini. Umepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, na kidole changu kilirudi kimelowa. Petroli hupita humo kwa shinikizo la takriban baa 2.5, karibu kabisa na vyuma vya moto, na magari ya aina hii yameungua kwa sababu hiyo hiyo. Salim, watoto wangu hulala juu yake.

Betri nimeichomoa, na gari halitawashwa hadi mipira yote ibadilishwe, hata kama safari ya Denmark itachelewa.

Baba Twaha amenishauri nikate tundu la ukubwa wa sinia, nibadilishe mipira, kisha nilizibe. Namheshimu, lakini sikubaliani naye hata kidogo. Mkono ulioshika spana hauwezi kugeuka kwenye tundu la namna hiyo, na ukishaliziba tatizo litarudi pale pale. Nataka kitanda kikatwe vipande viwili vyenye bawaba, kabati lihamishiwe ubavuni, na kifuniko kiweze kufunguliwa kwa dakika mbili bila bisibisi. Lile bati lenyewe lisiguswe na msumeno, kwa kuwa mpira wake wa pembeni ndio unaozuia moshi na harufu ya petroli visiingie tunapolala. Mama Nasra anasikitikia kabati, na ana haki, kwa kuwa ndilo lililomfanya alipende gari; nimemwahidi kwamba mbao zake hazitapotea.

Nimenunua mita 5 za mpira wa petroli unaostahimili shinikizo, pamoja na klipu zenye kingo laini zisizokata mpira. Ninachokosa ni mikono yako, kwa sababu wewe ulishazitengeneza Kombi nyingi Mombasa, na useremala unaujua pia.

Je, utaweza kuja Jumamosi hii au ijayo, na kulala kwetu usiku mmoja? Ule msumeno wako mdogo wa umeme bado unao? Gundi ya namna hiyo huachia ikipashwa joto, au nisithubutu kabisa kukaribisha joto mahali penye mvuke wa petroli? Na mipira inayoingia kwenye sindano za kupulizia petroli ndani ya injini, utaibadilisha injini ikiwa mahali pake, au tutalazimika kuishusha? Nijibu upesi, hata kwa mistari miwili.

Wasalaam,
Ndugu yako Hamisi