Barua kwa mwanangu: meli haimsubiri mtu

Zuhura mwanangu, assalam aleikum.

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo halafu useme mama niko kwenye kikao nitakupigia, ndo maana nimeamua kuandika, hii utaisoma hata ukiwa ndani ya hicho kikao chenyewe.

Ile ratiba uliyonitumia ya likizo yenu ya melini, wewe na mumeo Baba Imu, nimeisoma yote, nimeikuza kwa vidole mpaka macho yakaniuma. Mnatua Barcelona saa nne asubuhi, meli inaondoka saa kumi na mbili jioni, siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo Zuhura! Ukakaa ukapiga hesabu ukaona masaa nane ni mengi ukalipa. We kweli mtoto wa Kigamboni? Pantoni ikikuacha unakaa pale Magogoni unanunua karanga unasubiri inayofuata, ila hiyo mnayokwenda kupanda haina inayofuata, ikitoka imetoka na kitanda chako.

Mi nimekaa ofisi ya wakala wa meli mpaka nikastaafu, hayo mambo sijasimuliwa. Meli ikiwa gatini kila saa ina bei yake, paileti wa bandari wa kuitoa keshapangiwa muda, tagi, zile boti za kuivuta, zimeshapangwa, na bandari ya kesho inaisubiri kwa saa yake. Kapteni hana pa kuweka huruma hapo hata angekuwa mjomba wako. Na hiyo saa kumi na mbili mliyoandikiwa ni ya meli kung'oa nanga, sio ya nyie kufika, orodha ya abiria inafungwa kabla, kampuni nyingi zinataka uwe umeshaingia saa moja kabla, zingine saa moja na nusu ama zaidi. Haya toa hiyo kwenye masaa yako nane. Toa foleni ya uhamiaji, maana hamna paspoti ya Ulaya mtapanga ule mstari mrefu. Toa kusubiri mabegi, toa teksi mpaka bandarini. Halafu kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja ya Barcelona, lazima mbadilishe iwe Doha, Istanbul ama Addis, na ya kwanza ikichelewa ya pili inaondoka bila nyie, inayofuata pengine ni usiku ama kesho yake. Kesho yake meli iko Marseille. Mtaifuata kwa nauli yenu, na hapo mpaka kampuni ikubali kuwapandisha. Hela ya chumba ndo basi tena.

Kwa hiyo mfike jana yake. Mlale usiku mmoja Barcelona hoteli ya kawaida tu, muamke mnywe chai, mwende bandarini mmetulia. Najua utasema hoteli ni hela. Ni hela ndiyo.

Ulisema natia chumvi. Haya, Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn ilikuwa inatoka Cape Town kwenda hukohuko Barcelona, ikasimama São Tomé, abiria wanane wakaenda matembezi waliyojipangia wenyewe, sio ya meli, wakachelewa kurudi. Askari wa pwani wakawachukua kwa boti mpaka ubavuni mwa meli, meli ile pale wanaiona, na bado hawakupandishwa. Paspoti zao zilikuwa zimeshashushwa zimeachwa kwa wakala wa bandari, hiyo ndo kawaida, mtu asiporudi vitu vyake vya safari anaachiwa wakala. Wakaanza kuikimbiza meli nchi kwa nchi, wazee walikuwemo, wakafika Gambia meli ikashindwa kuingia sababu ya hali ya bahari, mpaka Senegali ndo wakaipata. Hao walikuwa watu wa Marekani na Australia. We na Baba Imu mkiachwa Palermo mtampigia nani, mimi?

Basi mjue matembezi mnayonunua kwa meli yakichelewa meli inawasubiri ama wanawapeleka wenyewe bandari inayofuata. Ya nje ni juu yenu. Sisemi mnunue yote, ni ghali na mengine ni kupangwa foleni nyuma ya mtu kashika bendera. Genoa na Palermo meli inafunga karibu na mji mtatembea wenyewe kwa miguu. Ila Roma lipeni. Kwenye karatasi wameandika Roma lakini meli inafunga Civitavecchia, ni kilomita 70 na zaidi mpaka mjini, na mumeo namjua akishaona jengo la kale hageuki. Yale ya kuachwa na basi Ubungo unayajua siyarudii, na aliyechelewa siku ile sio wewe.

Kitu kingine cha saa, hiki wengi hawakijui. Mnapita La Goulette, hiyo ni Tunisia. Mwezi wa nane Hispania na Italia wako nyuma yetu saa moja, Tunisia wako nyuma saa mbili, wao hawasogezi saa wakati wa kiangazi. Sasa simu yako ikishika mtandao wa pale inajibadilisha yenyewe, we unaona bado saa kumi kumbe melini ni saa kumi na moja na ngazi inatolewa. Vaa saa ya mkononi, ile niliyokupa ukasema ni ya kizee, iwekee saa ya meli usiiguse mpaka mshuke. Na mkiwa katikati ya bahari simu iwe kwenye hali ya ndege, kuna mtandao wa setilaiti melini unajiunga wenyewe kimyakimya na bili yake utaikuta huko kwako Dodoma.

Viza sasa. Hapa ndo umenikera mwanangu. Umelipa meli hela isiyorudi kabla hujapata viza? Mtu mwenye digrii mbili? Ona, hiyo Tunisia ni nje ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mkitoka Palermo mkaingia La Goulette mmeshatoka Schengen, mkirudi Barcelona mnaingia mara ya pili, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haiwatoshi, ombeni ya kuingia mara nyingi na ratiba ya meli muibandike kwenye maombi ili afisa aelewe. Na hiyo Tunisia yenyewe waandikieni kampuni muulize kwa paspoti ya Tanzania wanataka nini, wajibu kwa maandishi, usikubali ya simu. Ubalozi mnaoomba ni wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, sio ule ambao shoga yako alipewa haraka. Italia mna bandari tatu, Hispania mna Barcelona, ukiongeza usiku wa kulala kabla (mtalala, nishasema) na wa kuondoka hesabu inageuka, kaa chini uhesabu kabla hujachukua miadi. Ada ni Yuro 90 kila mmoja mkipewa msipewe. Maombi wanapokea kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15, ila anayesubiri siku 15 huyo anatafuta presha. Paspoti ya Baba Imu inaisha lini? Schengen wanataka ibaki miezi 3 baada ya kutoka kwao, kampuni nyingi za meli zinataka 6. Muulize leo, yeye hata leseni aliijua imeisha aliposimamishwa na trafiki.

Bima wanataka isiyopungua Yuro 30,000 ya matibabu, hiyo mtakata kwa sababu ya viza. Nachosema soma ndani kama inalipa na safari ikikatika ama ndege ikichelewa mkaikosa meli, maana zingine ni za kuoneshea ubalozini tu. Daktari wa melini analipwa kama hospitali ya kulipia, kadi yako ya bima ya NHIF huko ni kitambulisho tu.

Usione nasema sana ukadhani sijafurahi. Nimefurahi. Mama Salma nimeshamwambia, na mke wa shehe nimemwambia, mtoto kasoma shule ya kata hapahapa leo anakwenda kula likizo baharini kwa hela ya mkononi mwake, hakuna aliyemchangia. Ila kujua kwa kuona status yako kabla hujaniambia, hilo limeniuma na nimelinyamazia mpaka leo.

Hela. Umeona bei ya chumba ukasema rahisi. Hiyo ni kitanda na chakula cha kawaida. Kuna bakshishi ya wafanyakazi wanaikata kila siku kwa kila mtu, kampuni nyingi ni kati ya dola 10 na 20, tuseme 15, watu wawili siku saba ni dola 210 hujanywa hata soda. Soda nayo ni hela, intaneti ni hela, mgahawa ule wa mataa mazuri ni hela. Melini hawapokei noti, unaandikisha kadi, na ukitumia kadi ya akaunti ya kawaida wanashikilia kiasi fulani kila siku kwenye salio, hela yako ipo lakini huigusi. Pita benki kabla wafungue matumizi ya nje na waongeze kiwango. M-Pesa huko usiitegemee. Na kama mnataka chakula halali waandikieni mapema, mkisubiri kuuliza mezani mtakula saladi wiki nzima.

Chumba ulichochagua nimekiangalia kwenye ile ramani, kiko mbele kabisa juu. We unayetapika boti ya Unguja hata haijavuka Mbudya! Mbele na juu ndo panaporushwa zaidi, omba wakubadilishie cha katikati na chini hata kama hakina dirisha, dirisha la nini, bahari umezaliwa unaiangalia. Dawa ya kichefuchefu meza kabla, ukishaanza kutapika umechelewa.

Begi kubwa mnawaachia wapagazi bandarini na linaweza kufika chumbani jioni, kwa hiyo paspoti, dawa za presha za mumeo, chaja, na nguo ya kubadili viwe begi la mkononi. Pasi ya kupigia nguo acha nyumbani, wataichukua, wanaogopa moto. Mkono unanawa kwa maji na sabuni kabla ya kula, ile dawa ya kujipaka peke yake haiviwezi vile virusi vya kuharisha vinavyosambaaga melini.

Siku ya kwanza kuna zoezi la kuokoana, king'ora, wapi mkusanyike, jaketi liko wapi. Baba Imu atasema tukale kwanza. Mwambie habari ya meli ya Costa Concordia, tarehe 13 Januari 2012, ilitoka hiyohiyo Civitavecchia jioni, waliopandia pale siku ile walikuwa hawajafanyishwa zoezi, usiku ikagonga mwamba kisiwa cha Giglio, wakafa watu 32. Baada ya hapo ndo sheria ikabadilishwa lifanyike kabla ya kuondoka ama mara tu mnapoondoka. Meli za kwetu zilizozama, Spice Islander na Skagit, sizitaji, wewe mwenyewe unajua hapa mtaani nani hakurudi.

Kurudi nako msijibane. Meli inafika alfajiri lakini kushuka ni kwa makundi, ndege ya kabla ya saa sita mchana msikate. Lakini kurudi hata mkiachwa na ndege mko nchi kavu. Mi roho yangu iko kwenye kwenda. Piga simu kwa wakala wa tiketi wasogeze siku moja nyuma, kuna faini najua, nusu nitaitoa mimi kwenye ile kodi ya chumba cha uani yule kijana akilipa, maana huu mwezi wa pili ananiambia kesho, na kila nikitoka kumdai namkuta anafua, unamdaije mtu anafua.

Imu mlete kwa treni ya asubuhi siku mbili kabla ili azoee, sio mnamtupa mlangoni mnakimbilia uwanja wa ndege. Aje na kadi yake ya bima, daftari zake, na viatu vya shule vinavyomtosha, safari iliyopita alikuja na vya mwaka juzi. Nimeongea na mwalimu wa madrasa atamchukua jioni. Simtank limepasuka chini kidogo, fundi anasema linazibika kwa moto, Mama Salma anasema nitupe, sijui, maji yanatoka siku moja moja na nikilitoa sina pa kuhifadhi. Hapo msinitumie hela, tumieni kwenye tiketi.

Ukishabadilisha nitumie tiketi yenyewe niione tarehe, sio uniandikie sawa mama.

Mama yako.

Na ile drili ya fundi Hamisi anayo mumeo tangu mfungo, aje nayo siku anamleta Imu.