Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuuenzi Mji wa Chake Chake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazee wetu mliotoka Wawi, Machomane na Tibirinzi,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wa skuli yetu.

Tulipoanza kuandaa maonyesho haya tulidhani kazi itakuwa nyepesi: tutaandika habari za Ngome ya mji wetu, tutataja viongozi waliotoka kwetu, tutabandika picha ukutani, basi. Aliyetuharibia mpango huo ni mzee mmoja wa Wawi, ambaye alifanya kazi miaka mingi katika Kiwanda cha Makonyo, na ambaye baada ya kutusikiliza kwa utulivu alituuliza: "Na sisi tuliokuwa tukipakia makonyo mmetuweka ukurasa gani?" Hatukuwa na jibu, na sehemu kubwa ya risala hii ni jitihada ya kumjibu.

Mheshimiwa, wewe unayajua makonyo, lakini wapo wadogo zetu wanaopita mbele ya kiwanda kila siku na harufu yake wameizoea bila ya kujua inatoka wapi. Karafuu huchumwa ikiwa bado haijachanua, na huja kishada kizima. Usiku, familia hukaa kitako kuzichambua, karafuu huku na vikonyo vyake, ndiyo makonyo yenyewe, kule, na kesho yake vyote huanikwa juani juu ya majamvi. Kwengine vikonyo hivyo vingekuwa takataka. Hapa kwetu hupelekwa Wawi, vikashindiliwa ndani ya mapipa makubwa na kupitishiwa mvuke wa maji moto. Mvuke hubeba mafuta, hupozwa, na kinachotoka ni maji na mafuta pamoja. Jambo lililotushangaza sana ni kuwa mafuta ya makonyo, tofauti na mafuta ya nazi tuliyoyazoea majumbani, hayaelei. Ni mazito kuliko maji, kwa hivyo hutuama chini. Ndani yake mna dawa ambayo madaktari wa meno wameitumia kutulizia maumivu tangu zamani. Kiwanda hichohicho hukamua pia mafuta ya mchaichai na ya mkaratusi.

Mji huu usingekuwa na kiwanda cha namna hiyo kama si kimbunga cha mwaka 1872, ambacho kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiongoza kwa zao hilo. Majahazi yaliingia katika mkono wa bahari yakapakia karafuu chini ya mji, pale ambapo leo maji yakitoka hubaki matope na mikoko. Hata hivyo hatutaki kulipita kimya jambo moja: mingi katika mikarafuu ya mwanzo ilipandwa na kupaliliwa na watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria visiwani humu hadi mwaka 1897. Majina yao hatukuyapata. Tumewaachia ubao mmoja mtupu katika maonyesho yetu, na tunakuomba usimame mbele yake kabla ya kwenda kwenye picha.

Wapo tuliowapata kwa majina. Pemba ilikuwa na Kamange na Sarahani, washairi wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ambao tungo zao zilihifadhiwa vifuani mwa watu kabla ya kufika vitabuni. Bibi wa mwenzetu mmoja alitusomea beti kadhaa bila ya kukwama, huku akichambua mchele. Yupo pia Marehemu Dkt. Omar Ali Juma, mwenyeji wa wilaya hii, aliyesomea udaktari wa mifugo, akawa Waziri Kiongozi wa Zanzibar na baadaye Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano hadi alipofariki Julai 2001. Kwa wanafunzi wa skuli ya Pemba, kwamba mtu aliyeanza na ng'ombe na mbuzi alifika hapo ni habari inayotosha kwa siku nzima, ila leo hatuna siku nzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza ni kinasa sauti kimoja na daftari za kutosha, ili likizo hii tuwarekodi wachumaji, wachambuaji na wafanyakazi wa zamani wa kiwanda, maana wawili kati ya wazee tuliopanga kuwahoji wametangulia mbele ya haki kabla hatujawafikia. La pili ni kutusemea kwa wahusika, ili makumbusho yaliyomo ndani ya Ngome yetu yatupatie pembe moja, hata ikiwa ndogo, tuweke jamvi, pishi ya kupimia, chupa ya mafuta ya makonyo na sauti za wazee hao.

Mzee wa Wawi yupo nasi leo, amekaa safu ya pili. Ukurasa wake tumeuandika, Mheshimiwa, na tunakuomba umkabidhi kwa mkono wako.

Ahsante kwa kutusikiliza. Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Klabu ya Historia,
Chake Chake, Pemba