Kwa binti yangu wa mizinga

Wundanyi, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima, ila goti langu halijakubaliana na baridi ya mwezi huu. Ujumbe wako wa Alhamisi niliupata: "Baba nimepangiwa meli. Upande wa mizinga. Tunatoka mwisho wa mwezi." Maneno kumi, nimeyahesabu. Nikakupigia, ukasema "niko sawa baba, usijali," ukakata. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu unanikatiza kila nikianza, na karatasi utaisoma hadi mwisho upende usipende. Binamu yako anashuka Mombasa Jumatano, atakuletea hadi getini Mtongwe, kwenye kambi yenu ya jeshi la majini.

Nina swali moja tu, mama. Ukikutana huko baharini na jambo la kukulemea, utamwambia nani?

Habari za baba yangu mkubwa unazijua. Jina lake ulilisoma mwenyewe pale makaburi ya Ngong Road, kwa hiyo sizirudii. Ila nilikusimulia nusu. Nilikuambia Wajapani ndio waliomuua. Meli yake waliizamisha kweli. Lakini kama ni wao waliomuua yeye, hilo silijui mpaka leo, na sikuwahi kukuambia kwamba silijui. Ulikuwa mdogo, kisha ukawa mkubwa, na mimi nikawa sijapata siku.

Basi nipe sikio. Msafara wao, KR 8, ulitoka bandari ya Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, Sri Lanka ya leo. Maji yale yale niliyoyatazama miaka thelathini na moja nikiwa kazini, na unayoyatazama wewe sasa ukiwa upande wa pili. Zilikuwa meli tano za kubeba watu. Aliyopanda yeye, Khedive Ismail, ilikuwa na watu zaidi ya 1,500, na karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Mizinga, mama, kama wewe. Walikuwemo pia wauguzi wa kike. Walisindikizwa na Hawkins, manowari kubwa ya zamani, pamoja na manowari mbili nyepesi za mbio, Petard na Paladin.

Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, watu wamekwisha kula chakula cha mchana na wengi wako chini ya sitaha, nyambizi ya Kijapani I-27 ikafyatua. Topido mbili, makombora yanayokwenda chini ya maji, zikaingia. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Sufuria ya chai haichemki kwa dakika mbili.

Hapo ndipo nilipokuwa nikiishia kila nikikusimulia. Kilichofuata ni hiki. Meli nne zilizobaki zikatawanyika kwa kasi, kwa sababu meli iliyojaa askari haisimami mahali penye nyambizi. Paladin ikashusha mashua kuokota watu. Nayo nyambizi haikukimbia. Ilijificha chini ya wale wale waliokuwa wakielea. Petard ilikuwa ikiitafuta kwa kile chombo cha kusikilizia chini ya maji, na nahodha wake, Rupert Egan, akabaki na mambo mawili mbele yake: aiache izifuate zile nne, au aipige pale pale ilipo. Akaipiga pale pale. Petard ikapita ikitupa mapipa ya baruti katikati ya watu.

Wewe umeshafundishwa silaha hizo kuliko mimi, lakini nivumilie. Pipa linapangiwa kina, linazama, na uzito wa maji ndio unaolifyatua likifika. Maji hayabonyei kama hewa. Kishindo kinasafiri ndani yake hadi kimfikie anayeogelea, na kinachopasuka ni mapafu na matumbo. Watu waliokwisha kupona topido, wamepata ubao au boya la kushika, wameona manowari yao inarudi, walikufa hivyo. Siku ile walikufa 1,297. Waliookolewa ni mia mbili na kidogo. Wa topido ni wangapi na wa mapipa ni wangapi, hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Kwa hiyo sijui baba yangu mkubwa awekwe kundi gani.

Mwishowe nyambizi ikaibuka. Paladin ikataka kuigonga, ikaambiwa iache, ikageuka imechelewa, na bawa la nyambizi likaupasua ubavu wake. Petard ikaipiga kwa mizinga, lakini haikuzama. Ikageukia topido zake, moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoipata. Kazi hiyo iliwachukua alasiri nzima.

Simlaumu Egan. Nimejaribu usiku mwingi nikashindwa. Ningekuwa na mtoto kwenye moja ya zile meli nne ningemshukuru kwa magoti. Ninayemfikiria ni kijana aliyekuwa kule nyuma kwenye mapipa. Amri imekuja, mkono uko kwenye chuma, na anaona vichwa vya watu juu ya maji. Vita vikaisha akarudi kwao. Nadhani alioa, akapata watoto. Mtu akimuuliza "vita vilikuwaje?" alijibu nini? Niko sawa?

Na wewe wamekupa mizinga. Nauliza tena, utamwambia nani?

Najua utakavyojibu: "Baba, huu si mwaka 1944, hakuna nyambizi za Wajapani." Najua. Najua kazi yenu ni doria, ni mpaka wa bahari, ni majahazi yenye madawa ya kulevya na wale wa Somalia. Lakini usiku, kwenye mawimbi, mashua ya wavuvi na mashua ya wahalifu zote ni mbao. Anayeambiwa piga ni aliyeko kwenye mzinga. Sisemi ukatae amri. Nimekaa kwenye kazi ya amri, naelewa mtu mmoja akisita wengine wanakufa. Nasema usije ukaibeba peke yako miaka arobaini, ukatuletea uso wa kucheka kila Krismasi.

Mama yako ananiambia nimekuandikia mambo mazito tu, niweke na mengine. Haya. Pete usivae kazini. Karibu na waya unaovutwa, pete huondoka na kidole, nimeyaona. Siku ya kwanza melini hesabu ngazi kutoka kitandani kwako hadi juu, kisha uzihesabu tena macho yakiwa yamefumbwa. Jaketi la kuelea lisiwe mto wa kulalia, wala usikubali la mtu mwingine. Usikopeshe pesa. Soksi za pamba, si zile za nailoni zinazouzwa stendi. Ukitapika siku za mwanzo usione aibu.

Nimeisoma zaidi hiyo Petard tangu ulipoapishwa, nikitafuta kitu kizuri cha kukuambia, na kipo. Tarehe 30 Oktoba 1942, upande wa Misri, yenyewe na wenzake waliiwinda nyambizi ya Kijerumani U-559 saa nyingi hadi ikaibuka usiku. Wajerumani wakaiacha wakaruka majini. Wanaume wawili wa Petard, Anthony Fasson na Colin Grazier, wakaogelea wakaingia ndani yake gizani, inajaa maji, wakawa wanatoa vitabu vya siri. Juu ya ngazi vikawa vinapokewa na kijana wa kantini, Tommy Brown, miaka kumi na sita. Si baharia wa vita, muuza duka la meli tu. Nyambizi ikazama ghafla. Brown alitoka, wale wawili hawakutoka. Vitabu vile vilifika kwa wafumbuzi wa siri kule Bletchley, Uingereza, na kabla ya mwaka kwisha wakaanza tena kusoma mawasiliano ya nyambizi za Wajerumani waliyokuwa wameshindwa kuyasoma kwa miezi kumi. Misafara mingapi ilipona kwa sababu hiyo! (Pale Allidina Visram Mombasa napo, ile shule ya karibu na bahari, Waingereza waliigeuza ofisi ya kufumbua siri za Wajapani. Nimepita hapo maisha yangu yote bila kujua.)

Ni meli ile ile, mwanangu. Kamba zile zile, sitaha ile ile, na bila shaka baadhi ya watu wale wale. Mwaka 1942 mabaharia wake wanaingia majini kufuata vitabu, mwaka 1944 inawatupia mapipa watu waliopaswa kuokotwa. Sijaweza kuyaweka pamoja kichwani. Labda wewe utaweza, una kichwa kuliko mimi, hilo nimelisema hata mbele ya mjomba wako.

Huyo Brown alidanganya umri ili apande meli. Nikakukumbuka. Ulituaga unakwenda Voi kwa mambo ya chuo, kumbe uko uwanjani unakimbizwa na maafisa pamoja na wavulana. Nilikasirika, na bado kidogo nimekasirika, kwa sababu ungeniambia nisingekuzuia. Pengine ningekuzuia. Ile barua yako ya mwito iliyopotea siku mbili, ikaonekana chini ya gunia la mahindi: haikuanguka yenyewe. Basi. Uliipata na uliwahi. Siku ya kuhitimu Eldoret nilipiga makofi mpaka mwanamke wa mbele yangu akageuka kunitazama, na picha yako ya sare iko ukutani juu ya redio, mgeni akiingia ndiyo anayoonyeshwa kabla hajapewa kiti.

Sasa na mimi niseme, maana sina haki ya kukuuliza nisichokitenda. Umeuliza mara nyingi kwa nini siendi mazishi ya watu niliofanya nao kazi, ukadhani ni kiburi. Kuna mwaka, hujazaliwa, nilikuwa natoa ishara ya mkono kwa mtu wa winchi. Niliona pako wazi, nikashusha mkono. Chini hapakuwa wazi. Aliyekuwa chini alikuwa na mke na mtoto wa kiume. Uchunguzi ulisema ajali. Niliporudi nyumbani mama yako aliuliza siku imekuwaje, nikamwambia nzuri. Nimemwambia ukweli wiki iliyopita, baada ya ujumbe wako. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe ndiyo ulikuwa huli." Miaka yote hiyo alidhani ni chakula chake.

Ndiyo nauliza, mama. Usipotaka kuniambia mimi, mwambie yeye. Usipotaka yeye, kuna kasisi wa kambi, kuna shangazi yako wa Mwatate asiyejua kunyamaza lakini anajua kusikiliza. Taja jina moja tu. Nitalala.

Huku tumevuna mahindi gunia sita, mawili yameingiwa na wadudu. Pesa ulizotuma zimeezeka jiko. Mabati yamebaki manne, fundi ameomba ayachukue kama sehemu ya malipo, nimekataa, nayaweka kwa choo. Ng'ombe amezaa dume tena. Ndugu yako amefaulu hisabati lakini Kiswahili amepata alama za kunitia aibu, mwandikie wewe, mimi ananiona wa zamani. Tangi la maji linavuja pale pale ulipoliziba kwa sabuni. Bibi wa jirani anakusalimu, anauliza kama ni kweli wanawake nao hulala melini pamoja na wanaume. Nimemwambia kila mtu na sehemu yake. Ni kweli?

Ukijibu, usiandike kwamba uko sawa. Andika chochote kingine: mnakula nini, nani anakoroma, mzinga wenu unatoa harufu gani ukishapigwa, nahodha wenu ni mtu wa namna gani akiwa amechoka. Na lile jina nililokuomba.

Blanketi la kijivu liko kwenye mfuko wa binamu yako, mama yako amelishona pale lilipochanika. Chini yake kuna ndizi. Wagawie wenzako siku hiyo hiyo, zimeshaanza kuiva.

Ni mimi,
Baba yako