Usikate kanopi kabla sijaja

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Picha zako nimezipata na nimezitazama mara tatu. Kanopi, hicho kifuniko cha dereva unachotaka kuunganisha na boti yako ya kasi, ni nzuri, faiba yake (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi) imetulia, na jinsi ulivyoiegesha juu ya sitaha naona umeshajiona umo ndani unapasua maji. Ila kwenye picha ya mwisho nimeona grenda imelala pembeni. Hiyo grenda ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Boti yako iko juu ya trela, au nimeona vibaya? Yangu nayo ilikuwa juu ya trela. Nilipima, nikachora, nikakata, nikapiga msasa siku mbili nzima mpaka ukingo wa kanopi ukalala kwenye sitaha, hata karatasi haipenyi. Nikajisifu sana. Siku ya tatu nikaishusha boti kwenye magogo ili nifanye kazi kwa nafasi, nikarudisha kanopi mahali pake, na kule nyuma kushoto kidole changu kidogo kikaingia pengoni bila kubanwa. Kanopi haikuwa na kosa. Boti ndiyo iliyokuwa imejisokota juu ya trela, kwa sababu egemeo la upande mmoja lilikuwa chini kuliko la pili. Hizi boti za kasi hujengwa nyepesi, hupinda kidogo bila wewe kuona. Na bahati yangu ni kwamba nilikuwa sijaunganisha. Ningekuwa nimeibandika kwa faiba, ningeugandisha ule msokoto humo humo, na tumbo la boti likishapinda, kwenye kasi huvuta upande mmoja hata ushike usukani namna gani.

Kwa hiyo kwanza ishushe. Iegemeze chini ya kuta za ndani na chini ya ubao wa nyuma unaobeba injini, maana huko ndiko ilikojengwa kubeba uzito. Weka pimamaji kukingama nyuma, kisha uiweke kukingama mbele. Zikikupa majibu mawili tofauti, bado haijakaa. Iache usiku mmoja, upime tena asubuhi.

Kuchora kwenyewe ni rahisi. Tafuta pengo kubwa kuliko yote kati ya ukingo na sitaha, chonga kijiti cha mbao chenye unene huo, kibandike penseli juu, kisha ukiburute juu ya sitaha kuzunguka kanopi yote. Penseli inanakili kila bonde na kila kilima cha sitaha. Kata milimita mbili au tatu nje ya mstari, zinazobaki zimalize kwa msasa, ukijaribisha kila mara. Lakini kumbuka: ukikata, kanopi inashuka kwa unene ule ule wa kijiti. Mimi nilikaa kitini na helmeti kabla ya kukata, nikaona nafasi ipo. Baada ya kukata nikakaa tena, nikageuza shingo kutazama nyuma, helmeti ikagonga dari: ko! Nikalazimika kung'oa kiti na kukishusha. Wewe pima ukiwa na helmeti na jaketi la kuokolea, halafu utoe ule unene.

Sasa niseme jambo ambalo huenda litakukera. Hiyo kanopi yako ni ya kukinga upepo na maji. Usiichukulie kama ganda la kuokoa maisha. Najua umewatazama madereva wa boti za mashindano. Bill Muncey alifia Acapulco, Meksiko, mwaka 1981, Dean Chenoweth akafia mto Columbia, Marekani, mwaka 1982, wote kwenye boti za kuendeshwa wazi, na mwaka 1986 boti ya Miss Budweiser ikaja na kanopi ya ndege ya kivita, F-16. Ila yale ni maganda mazito, yamefungamana na boti, dereva amefungwa mikanda, ana hewa ya akiba na mlango wa kutokea boti ikiwa imepinduka. Kujifunga mikanda ndani ya faiba nyembamba ni kujifungia ndani ya yai. Kwa hiyo kwako mikanda hapana, na mlango ufunguke kwa mkono mmoja, kwa ndani na kwa nje, bila kutafuta kifaa. Ujaribu umefumba macho. Ukishindwa nchi kavu, majini utafanyaje?

Kuunganisha: jelikoti, ile ngozi ya nje inayong'aa, yote itoke, sentimita saba au nane kila upande wa kiungo, mpaka uone nyuzi. Jelikoti ni rangi tu, ukibandika juu yake umebandika kwenye ganda la embe. Tumia msasa mkali, namba 40 au 60, na barakoa yenye vichujio. Ile ya kitambaa haifai, vumbi la faiba utakohoa nalo wiki nzima. Pembeni, pale kanopi inapokutana na sitaha, jaza puti ya epoksi (gundi inayoganda ikichanganywa na kigandishi) uifanye duara kama upande wa kijiko, maana kitambaa cha faiba utakachobandika juu hakikubali kona kali. Huinuka na kuacha hewa chini. Kisha tabaka la kwanza jembamba, la pili pana kuliko la kwanza, la tatu pana zaidi. Mimi nashauri epoksi. Inashika vizuri juu ya poliesta kuukuu, ile gundi iliyojengea boti nyingi za faiba, lakini poliesta juu ya epoksi haishiki hivyo, basi ukianza na epoksi usirudi nyuma, na juu upake rangi badala ya jelikoti. Tumia kitambaa cha kufumwa, uache ile mikeka ya nyuzi zilizokatwa. Gundi inayoshikilia nyuzi za mikeka mingi huyeyuka ndani ya poliesta, ndani ya epoksi inagoma. Ikishakauka, osha kwa maji na sponji kabla ya msasa, maana juu hubaki utandu kama nta.

Changanya epoksi kidogo kidogo. Nilichanganya ndoo nzima kwa uvivu. Baada ya dakika chache ilianza kutoa moshi na ndoo ikalainika mkononi. Niliikimbiza nje kama mtu aliyebeba nyoka.

Kioo cha mbele, kama ni polikaboneti (plastiki ngumu inayoonyesha), matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu yenyewe. Kipande cha mita moja, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka karibu milimita mbili. Ukikibana bila nafasi hiyo kitapasuka tunduni. Na asetoni isikiguse kabisa, hata kitambaa ulichofutia mikono.

Nitakuja Jumamosi na pimamaji yangu ndefu na magogo manne. Hadi hapo grenda iweke kabatini, na ufunguo mpe mwenye nyumba mwenzako.

Wako,
yule wa kiti kilichoshushwa