Barua kwa shosti: kazi ileile, mwajiri mwingine

Shosti wangu, za Mwanza?

Umelalamika nimekuwa kimya, mwenzio nilikuwa na mawazo jamani. Unaikumbuka ile kazi yangu ya kupokea simu za wateja hapa Makumbusho, Dar? Mwaka juzi kampuni walituita wakatuambia kuanzia mwezi ujao mko chini ya wakala, kazi ileile, kiti kilekile, hedifoni zilezile, ila mshahara unapitia kwa mtu wa kati na ukinifikia umeshapungua. Hadi kamba za vitambulisho wakatubadilishia, waliobaki kwa kampuni wana za bluu sisi za kijivu, na bima ya mtoto ndo ikaishia hapo.

Sasa wiki iliyopita nimeenda NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kuangalia michango yangu, shosti, miezi saba haijapelekwa! Na kwenye slipu ile asilimia 10 yangu wanaikata kila mwezi. Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Kaka yangu ananiambia autososi, yaani kampuni kuipa kampuni nyingine kazi zake, ndo inakuza uchumi, angalia Ufilipino na India. Sawa, ila wale wanapokea simu za Wamarekani, dola inatoka huko inaingia kwao, ni kazi ambayo kwao haikuwepo. Hiyo hata mi naitaka ije, mkongo wa intaneti wa baharini umefika Dar tangu 2009 na vijana wanaojua kuongea na mteja wapo kibao. Hii yangu imeongeza ajira gani? Anayepiga simu yuko Mbagala, anayepokea anaishi Mbagala, kilichoongezeka ni mtu wa kukata hela katikati. Na hiyo hela iliyokatwa ndo nilikuwa nanunulia wali kwa mama ntilie wa nje ya ofisi, siku hizi karibu wote tunakuja na hotpoti, yule mama alikuwa anapika masufuria matatu saa hizi anapika moja na binti aliyekuwa anamsaidia kuosha vyombo karudi kijijini. Sasa uchumi umekua wapi hapo?

Inaniuma zaidi kwa sababu 2014 serikali ilitoa kanuni kabisa, zikasema wakala kazi yake kukuunganisha na mwajiri, siyo yeye akuajiri halafu akukodishe.

Jumatatu tunarudi NSSF watu watano na slipu zetu, zangu nshatoa kopi zote. We uliyesoma sheria nisaidie, nimekutumia picha za mkataba Watsapu, soma ukurasa wa pili uniambie mwajiri wangu ni nani, maana kila nikisoma naona majina mawili.

Msalimie mama.